Majina Tuliyoyatwanga

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nilianza kubeba mawe kichwani kabla sijaota ndevu, na leo nina malori sita, kiwanda cha matofali Tunguu, na mashine ya kuchimbia ambayo sisi wa kazi tunaiita kijiko. Yote hayo kwa darasa tano tu za skuli, na hiyo ya tano yenyewe sikuimaliza. Nimeshaona mtu akiuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, kisha akala chakula cha mchana na wote watatu. Nimeshaona kisima cha kijiji kikifukiwa kupisha choo cha wageni. Kwa hiyo haya siyaandiki kwa mshangao, nayaandika kwa kinyaa. Iko harufu moja iliyonifuata tangu utotoni, harufu ya chokaa ya zamani iliyorowa tindikali. Ambaye hajainusa na afikirie ameweka sarafu yenye kutu chini ya ulimi, na kando yake mtu anapasua yai viza. Mwaka huu imenirudia puani mchana kweupe, nikiwa nimesimama kwenye kazi yangu mwenyewe, na tangu siku hiyo nikila mchuzi siuoni ladha. Basi bora niseme ilikotoka.

Kijijini kwetu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Tunguu, kulikuwa na jengo tuliloliita Nyumba ya Masonara. Lilikuwa hekalu la Wabudha. Najua wako Waunguja waliozaliwa hapa, wakakulia hapa, na hawajui kuwa kisiwa hiki kiliwahi kuwa na watu hao, achilia mbali hekalu lao shambani katikati ya mihogo. Walikuwa watu wa Siloni, nchi ambayo siku hizi inaitwa Sri Lanka. Walikuja zamani za babu zetu, wakafungua maduka ya usonara Mji Mkongwe, na vipini, vikuku na mikufu ya bibi zetu wengi ilitoka mikononi mwao. Hawakuwa wengi. Walichangishana wakanunua kipande cha shamba kwetu kwa sababu mjini hapakuwa na nafasi ya kupanda mti wao. Mti wenyewe uliletwa ukiwa mche ndani ya kopo, na mimi niliukuta ukiwa mkubwa, majani yake yana ncha ndefu kama mkia, hata upepo ukiwa mdogo yanacheza yote kwa pamoja. Jengo lilikuwa la mawe na chokaa, boriti za mikoko juu, chumba kimoja kirefu chenye ubaridi kama ndani ya mtungi. Mwisho wa chumba, juu ya jukwaa la mawe, alikaa Budha wao wa mawe vilevile, ukubwa wa mtoto wa miaka saba, macho yameangalia chini kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

Mara moja kwa mwaka, katika mwezi wa tano siku ya mwezi mpevu, walikuja wote kutoka mjini wamevaa nyeupe. Walitandika meza kando ya barabara na kila aliyepita alipewa sharubati baridi, wali wa nazi na vikeki vyao vya asali vilivyokaangwa mafutani. Bure. Mwenye baiskeli alisimamishwa, mwenye gari la ng'ombe alisimamishwa, maalimu wetu wa chuo cha Kurani naye alisimamishwa, akala vikeki vitatu huku akisema vina sukari nyingi. Ukikataa walikuomba kwa mikono miwili, kana kwamba wewe ndiye utakayewapa. Mimi mwisho wa sikukuu hizo niliuwahi nikiwa mdogo sana, lakini utamu wa vikeki vile ninao mpaka leo kwenye jino la nyuma, na jino lenyewe lilishang'olewa.

Sasa kuna jambo moja la kazi yao nataka lieleweke vizuri, maana ndilo lililoleta balaa. Sonara hatupi taka za dukani kwake. Akikata, akipiga tupa, akisugua, chembe za dhahabu humwagika sakafuni zikachanganyika na vumbi, nywele na majivu. Taka hizo hufagiliwa zikahifadhiwa kwenye debe, na baada ya muda huchomwa, zikatwangwa, zikaoshwa kwenye sinia mpaka chembe zibaki chini. Mjini walikuwako watu ambao kazi yao ilikuwa kununua taka hizo, hata tope la mifereji iliyopita mbele ya maduka ya masonara lilichotwa likaoshwa. Masonara wa Siloni walikuwa na nadhiri yao. Taka za mwezi ule wa sikukuu hazikuuzwa. Zililetwa shambani, zikaoshwa kwenye birika la nyuma ya hekalu, na dhahabu iliyopatikana ndiyo iliyonunua boriti, chokaa na mafuta ya taa. Hekalu lilijitunza kwa vumbi. Na lile tope lililobaki, ambalo lilikwishatolewa dhahabu yote, halikutupwa pia. Walilichanganya na chokaa wakapigia plasta kuta za ndani. Kisha sonara au mtu wa nyumba yake akifa, mwenziwe alimchongea jina kwenye plasta hiyo kwa kalamu ileile ya chuma anayochongea bangili. Watu hawa huchoma maiti zao na majivu walikuwa wakiyatia baharini. Kaburi hawakuwa nalo. Ukuta ule ndio ulikuwa mava yao.

Nilipofika miaka kumi na moja, alikuwa amebaki mmoja tu. Wengine walikwishahama na watoto wao. Aliyebaki ni Mzee Piyadasa, mfupi, mkavu, kidole gumba cha kushoto kimebabuka kwa moto wa miaka. Alikuwa amefunga duka lake mjini akahamia chumba cha uani cha hekalu na mkewe, Bi Leela. Mama yangu, Bi Mwanakheri, alikuwa akishinda na Bi Leela, huyu anachambua mchele, yule anashona, Kiswahili cha mmoja kimenyooka na cha mwingine kimepinda, na wanaelewana. Bi Leela akafa mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia. Mama alikuwapo siku Mzee alipokanda chokaa, akapiga plasta mpya karibu na mlango, akangoja ikauke nusu, akachonga jina la mkewe. Maandishi yao ni ya mviringo, herufi zimekaa kama vikuku vilivyopangwa dukani. Kila asubuhi Mzee aliweka ua chini ya jina lile, asumini au afu, chochote kilichochanua.

Mimi aliniajiri kufagia majani. Skuli nilikwenda nikipenda, na siku nyingi sikupenda. Akaona nina mkono mwepesi, akanifundisha kuosha taka, kwani bado rafiki zake wa mjini, Wahindi na Waswahili, walikuwa wakimpelekea madebe yao ajipatie riziki. Nitajisifu, kwa sababu ni kweli: ndani ya miezi mitatu nilikuwa naosha kuliko watu wazima. Sinia unalizungusha kwa viwiko, viganja havina kazi. Maji yanachukua kile chepesi, kizito kinakaa. Mzee alikuwa akisimama nyuma yangu na kusema, "Taratibu, mwanangu. Unaharakia wapi? Dhahabu haina miguu." Nikimaliza, aliniachia nitazame mstari mwembamba wa manjano kwenye ukingo wa sinia. Hakuna kitu kilichowahi kunifanya nijione mkubwa kama mstari ule, hata siku niliponunua lori la kwanza.

Na ukubwa huo ndio nilioupeleka nyumbani. Ami Khatibu, mdogo wake baba, alikuwa mtu wa kukaa barazani na wenziwe wawili wakitafuna tambuu na kulalamikia bei ya karafuu ambazo hawakuwa nazo. Baba alikuwa baharia, hayupo. Jioni moja kabla ya magharibi walikuwa wakinitania.

"Huyu bwana sonara huyu," Ami akasema. "Anafagia majani ya makafiri, analipwa vikeki."

"Mie sioshi vikeki, n'naosha dhahabu," nikasema.

"Dhahabu! Hebu tuonyeshe kidole kimoja cha dhahabu."

"Ami, dhahabu kule imo mpaka ukutani."

Taya zikasimama. Nakumbuka vizuri jinsi taya tatu zilivyosimama kwa pamoja, na mate mekundu yakitaka kumtoka mmoja wao pembeni ya mdomo. "Ukutani wapi?" Ami akauliza, sauti imeshuka.

"Ndani. Plasta yote ile imekandwa kwa taka za madukani. Mzee kanambia mwenyewe."

Kila nilichosema kilikuwa kweli. Nilichoacha kusema ni kwamba taka hizo zilikwishaoshwa kabla ya kutiwa ukutani. Nililijua hilo, lakini kulisema kungezirudisha taya kwenye kutafuna. Na wao, kama Waunguja wote wa wakati ule, walishawaona kwa macho yao watu wa mjini wakiosha tope la mfereji wa masonara na kuvaa viatu vipya. Kwa nini ukuta usiwe zaidi ya mfereji?

Wiki ileile Mzee Piyadasa alikwenda mjini kutibiwa macho. Siku nne, akasema. Akaniachia ufunguo wa hekalu, ufunguo mzito wa chuma uliofungwa kamba nyekundu, na kazi moja tu: kuweka ua kila asubuhi. Siku ya kwanza niliweka. Siku ya pili Ami alikuwa mlangoni pamoja na wenziwe, wamebeba sururu, tindo na magunia, asubuhi kweupe, mbele ya watu waliokuwa wakienda makondeni, na hapana hata mmoja aliyeuliza.

"Lete ufunguo," Ami akasema.

"Mzee hayupo, Ami."

"Nshajua hayupo. Ungekuwa na akili ungejua ndo maana tumekuja leo. Lete."

Nikampa. Ningependa kuandika kuwa nilipigwa kwanza. Sikupigwa.

Plasta nzuri haianguki kirahisi, na ile ilikuwa nzuri. Ilitoka vipandevipande kama magamba ya samaki mkubwa, na vumbi lake likajaa chumba kizima mpaka Budha akawa mweupe mabegani. Walianza ukuta wa kushoto, wakaja wa nyuma. Kila pigo lilikatisha jina. Mimi niliambiwa nisimamie uoshaji, maana ndiye niliyejua, na wallahi nilisimamia. Nikawaambia kipande kizima hakioshwi, lazima kitwangwe kwanza. Wakaniuliza kitwangwe na nini. Nikakimbia nyumbani, mama yuko bondeni, nikachukua kinu chake na mchi wake. Watu wazima watatu walikuwa wakiningoja mimi nisemeje. Niliwaamrisha kuteka maji na wakateka. Huo ndio mwanzo wangu wa kuwasimamia watu, na kila ninapowaelekeza vibarua wangu leo najua nimejifunzia wapi.

Walipofika karibu na mlango nilikijua kipande kabla hakijatua. Kilikuwa cheupe kuliko vingine, na chini yake ua la jana lilikuwa bado limelala, limenyauka. Kilikatika katikati. Ami alikitupa kinuni na kipande kingine kikubwa, akaona nimesimama na mchi.

"Unangoja nini? Twanga."

"Hii mpya, Ami. Hii haina kitu."

"We ndo ulosema yote imo. Twanga, usitucheleweshe."

Nikatwanga. Vikuku vile vya mviringo vilipasuka kimoja kimoja, vikawa unga, nao ulikuwa laini kama unga wa mchele. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilijua nafanya nini.

Kule birikani mambo yakawa machafu zaidi. Walichekecha, wakaosha, maji yakawa uji wa kijivu, na chini ya sinia hakukuonekana kitu. Nikaosha mara ya pili, ya tatu. Hakuna. Ami akasema nimesahau dawa. Akaingia chumbani kwa Mzee, akatoka na chupa ya tindikali, akaimimina yote ndani ya karai lenye tope. Likachemka lenyewe bila moto. Moshi wa rangi ya kutu ukapanda, na hapo ndipo ile harufu ilipoingia kichwani mwangu. Mwenzake mmoja alitapika palepale, matapishi mekundu ya tambuu, na yule mwingine akayakanyaga akaendelea kukoroga. Waliyaachia maji yale yakatiririka kwenye mfereji hadi majimbi ya jirani. Bata wawili wakafa jioni hiyo, na jirani alipouliza, Ami akamwambia bata wake walikuwa wazee.

Siku ya tatu walikuwa wamebakisha kona moja ya ukuta wa kulia. Mama alikuwa ameshakitafuta kinu chake usiku kucha na asubuhi akafuata nyayo zangu za chokaa. Aliingia akatazama kuta. Mama yangu hakuwa mtu wa kelele, lakini nilimwona akishika kizingiti kama mtu aliyekosa ngazi. Kisha akachungulia ndani ya kinu.

"Mwanangu," akaniita kwa sauti ndogo. "Jina la Bi Leela liko wapi?"

Nikautazama mchi. Alinitazama mpaka akapata jibu.

"Lahaula. Mmetwanga makaburi ya watu kinuni mwangu."

"Shemegi, usiingilie," Ami akasema, sururu bado iko mkononi. "Makaburi gani? Makaburi ya makafiri ukutani? Tupishe tumalize."

Mama hakubishana. Alikwenda kwenye ile kona iliyobaki, akageuka, akaegemeza mgongo wake ukutani, akafungasha kanga yake vizuri. "Haya. Pigeni."

"Toka hapo, Mwanakheri."

"Sitoki. Mimi n'mekula chao miaka yote, na we umekula. Ulikuwa ukijaza mifuko, Khatibu, n'nakukumbuka. Pigeni basi, mbona mmesimama? Au mnataka na mie nitiwe kinuni?"

Wenziwe ndio walioanza kuondoka, mmoja baada ya mwingine, wakijifanya wanakwenda kunawa. Ami alibaki kidogo akitukana chini kwa chini, kisha akatupa sururu. Mama alikaa pale mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa. Kinu chake hakukichukua tena. Tulikula ugali wa unga wa kununua na mchele uliotwangwa katika kinu cha kuazima kwa muda mrefu, na kila alipoazima hakusema kwa nini.

Mzee Piyadasa alirudi siku ya nne, jicho moja limefungwa bandeji. Nilikuwa nimekaa nje na ufunguo. Aliingia, akakaa humo kwa muda ambao sikuweza kuupima, akatoka, akakaa kando yangu kwenye ngazi.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba." Akauchukua ufunguo mkononi mwangu. "Pale karibu na mlango, nani kapatwanga?"

"Mimi."

"Palikuwa pagumu?"

"Pagumu sana, Mzee. Kuliko kwengine kote."

Akatikisa kichwa polepole. "Nilijua. Chokaa ile niliikanda mwenyewe siku tisa."

Hakunipiga, hakunitukana. Ningemshukuru angenipiga. Lakini kinyaa chenyewe kilikuwa hakijafika, kilifika dakika chache baadaye kimevaa kanzu safi. Ami Khatibu alikuja kwenye ngazi zile, akaamkia, akatoa kitambaa mfukoni. Ndani yake mlikuwa na chembe moja, ndogo kuliko mbegu ya ufuta, iliyopatikana katika ukuta mzima.

"Mzee," akasema, "tupimie basi. Tumehangaika siku mbili."

Mpaka leo nimekutana na wezi, madalali na matapeli wa kila rangi, na sijapata kuona uso kama ule, uso usio na haya hata ya kukopa. Mzee Piyadasa akanyanyuka, akaleta mizani yake ndogo ya kisanduku pamoja na mbegu nyekundu za mtipitipi ambazo masonara wa zamani walipimia. Akaweka chembe upande mmoja, mbegu moja upande wa pili. Mizani ikaegemea mbegu. Haikufika hata nusu yake. Akaigusa chembe kwa jiwe lake la kujaribia dhahabu, akaitazama kwa jicho lililokuwa zima. "Dhahabu kweli," akasema. "Ilitukimbia wakati wa kuosha." Akatia mkono mfukoni, akahesabu sarafu kwa bei ya soko ya siku hiyo, akampa. Ami akazipokea, akazihesabu mara ya pili mbele yake, akaondoka akilalamika kuwa kapunjwa.

Nilimuuliza Mzee kwa nini kamlipa. Alisema sonara akishapima lazima anunue, akikataa mizani yake haitaaminiwa tena. Mizani ya nani, na nani wa kuiamini, wenziwe wote walikwishakwenda? Sikumwambia hivyo. Miezi michache baadaye ndugu zake walimchukua, na mlango ukafungwa. Kijiji kizima kikaanza kusema mvua ndiyo iliyoangusha plasta. Mpaka leo wanasema mvua, wazee kwa vijana, na wengine walikuwapo na sururu zao.

Basi njoo mwaka huu. Mwekezaji mmoja amechukua shamba lote lile ajenge nyumba za wageni, na kazi ya kusawazisha kiwanja nimepewa mimi, kwa sababu nani mwingine? Nilipoona ramani nililijua gofu la hekalu, nikalinyamazia. Mtu wa kazi hachagui kifusi. Nilifika asubuhi ya kwanza na kijiko juu ya lori, na msimamizi wa mradi, kijana wa mjini mwenye viatu vyeupe, akanipokea kwa bashasha. Pale gofu lilipo patakuwa bwawa la kuogelea, akaniambia, na mapambo yameshafika. Akafungua sanduku moja la mbao. Ndani ya majani makavu mlikuwa na vichwa vya Budha, vya plastiki iliyopakwa rangi ya jiwe. Kumi na viwili.

"Hivi kumi kuzunguka bwawa," akasema. "Wageni wanapenda sana, vinaleta utulivu. Hivi viwili vya chooni, juu vina bapa la kuwekea taulo."

Nilikwenda kulitazama gofu. Mti ulishakatwa. Budha wa mawe alishaibiwa zamani, jukwaa limejaa kinyesi cha popo kufika kifundo cha mguu, na wafanyakazi wa mradi walikuwa wamepageuza pahala pa kujisaidia. Harufu ya chokaa iliyorowa uchafu ule ilikuwa ileile, naapa, ileile. Kona ya kulia ilikuwa bado imesimama. Nyuma yangu aliingia fundi umeme wa mradi, mtu wa makamo anayeitwa Nihal, naye ni wa hukohuko Sri Lanka. Alikuwa ametafuta kivuli cha kulia chakula chake. Aliona ukuta, akaweka bakuli chini. Alivua shati lake, akafuta kinyesi cha popo na ukungu kwa shati, na akaanza kusoma kwa sauti.

"Sirisena, wa vipini," akanitafsiria kwa Kiswahili chake cha miaka miwili. "Gunadasa. Huyu mama yake Gunadasa. Huyu mtoto, hana jina, ameandikwa 'wa siku tatu'." Alisoma kumi na saba, upana wa mgongo wa mwanamke mmoja.

"Leela hayumo?" nikamuuliza.

Akatazama tena, juu mpaka chini. "Hayumo, Mzee. Ni nani?"

Nikatoka nje nikamwambia msimamizi kijiko hakishuki. Akacheka, akadhani napandisha bei. Akanikumbusha mkataba, akasema nikiondoka mimi kesho atakuja mwingine, na hapo alisema kweli. Basi tukakaa siku mbili tukabishana. Mwishowe mwekezaji mwenyewe, kwa simu, akakubali kusogeza bwawa lake ikiwa atakayemlipa hasara ya ardhi na michoro mipya ni mimi, na ikiwa kazi yote iliyobaki nitamfanyia bila malipo. Mke wangu akaniuliza, "Kwa ajili ya maandishi usoyajua kusoma?" Nikamwambia ndiyo. Watoto wangu wanaona nimezeeka mapema.

Huwa nawasikia wenzangu wakisema zamani tulikuwa watu, siku hizi ni fedha mbele. Mimi nilikuwapo zamani hiyo. Waliotusimamisha barabarani kutulisha bure tuliwalipa kwa sururu, na hakuna mwekezaji aliyetutuma. Kijana wa viatu vyeupe na vichwa vyake vya chooni ananichefua, lakini yeye hajui anachokifanya, hajala kikeki cha mtu. Sisi tulikula, tukafuta midomo, tukaingia na kinu. Kati ya uchafu wa aina hizi mbili, wa leo unafagilika.

Nimelizungushia gofu ukuta wa matofali yangu mwenyewe, Nihal ameondoa popo, na ile kona imeezekwa mabati. Kuta nyingine nimeziacha hivyohivyo, mawe matupu. Fundi aliniuliza kama apige plasta mpya, nikamkataza. Wanaoniuliza nimetoa kiasi gani nawajibu, maana sijawahi kuficha hesabu zangu. Nilipojumlisha fidia ya ardhi, michoro, siku za kijiko, dizeli, vibarua, matofali na mabati, ilikuwa shilingi milioni thelathini na moja, laki nne, elfu sitini na mia tano.